Nasoma Usiku Kucha, Asubuhi Kichwa Kitupu

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi upande wa magharibi: Kasulu, Kibondo, Ujiji, Tabora mjini na Nzega. Walioandika wote ni wanafunzi wa uuguzi na ukunga, na kilio chao ni kimoja: vitabu vinene, muda mfupi, na kinachosomwa hakikai. Majibu yameandaliwa na wakufunzi wa uuguzi. Barua tumezifupisha.

Shikamooni. Niko mwaka wa kwanza, stashahada, hapa Kasulu. Nina hailaita tatu za rangi tofauti. Sura ya kurasa 35 naisoma mara tatu, napiga msuli mpaka saa nane usiku. Asubuhi mkufunzi akiniuliza, nakumbuka hadi ukurasa ulivyokaa, mchoro ulikuwa kulia juu, lakini maneno hayaji. Nina ugonjwa wa kusahau?

Marahaba, binti yetu. Kumbukumbu yako ni nzima, na ushahidi ni huo mchoro wa kulia juu. Ulichozoeza ni macho kulitambua neno. Hujazoeza kichwa kulileta. Hizo ni kazi mbili. Muuza dagaa wa pale Kibirizi ukikutana naye unamjua mara moja, lakini ukiwa nyumbani ukaulizwa jina lake, linagoma kutoka. Mtihani unauliza jina, hauulizi kama umewahi kumwona.

Kusoma mara ya pili na ya tatu huwa kunateleza kwa sababu maneno umeshayazoea, na mteremko huo ndio unaokudanganya kwamba umeelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi waliopewa kifungu cha kusoma. Baadhi walikirudia kukisoma, wengine walikiweka kando na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Waliopimwa baada ya wiki moja walionyesha kinyume: walioandika kwa kichwa ndio waliobaki na mengi zaidi. Na mtihani wako, bahati mbaya, hauji baada ya dakika 5.

Basi hailaita zipumzike kidogo. Usibebe kurasa 35 kwa mkupuo, beba 10. Dakika 5 za kwanza pita tu juu juu: vichwa vya habari, majedwali, michoro, maswali ya mwisho wa sura. Kila kichwa kigeuze kiwe swali, uliandike pembeni kwa penseli. Kichwa kikisema huduma kwa mama mwenye kifafa cha mimba, swali lako liwe: mama huyu akishushwa kwenye bajaji sasa hivi, naanza na nini, na kwa nini? Soma kurasa 2 au 3 ukilisaka jibu hilo. Kisha funga kitabu. Kifunge kweli, usikilaze kifudifudi huku kidole kikiwa ndani. Chukua karatasi tupu, andika kila kilichobaki kichwani kwa dakika 5 hadi 7. Utakwama, utakuna kichwa, utatamani kuchungulia. Vumilia dakika nzima kabla hujakata tamaa na jambo lolote, maana wengi hufungua kitabu baada ya sekunde 20 na hapo zoezi limekufa. Ukimaliza, fungua kitabu na kalamu nyekundu, uandike ulichosahau na ulichokosea tu.

Tuangalie karatasi moja ilivyo. Mwanafunzi amesoma magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, akafunga kitabu, akaandika: "Gramu 4 mshipani, gramu 10 kwenye misuli, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4. Angalia mgonjwa." Inapendeza kuitazama. Kalamu nyekundu ikipita, mashimo yanajitokeza. Zile gramu 4 za mshipani hutolewa zikiwa za asilimia 20, ilhali dawa anayoizungumzia ni ya asilimia 50. Kwa hiyo mililita 8 za dawa, ndizo zenye gramu hizo 4, zinaongezewa mililita 12 za maji ya sindano, zinakuwa 20, na zinasukumwa polepole, si chini ya dakika 5. Zile gramu 10 hugawanywa, 5 kila tako. Na "angalia mgonjwa" si jibu hata kidogo. Kabla ya kila dozi inayofuata, pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, na goti likigongwa liruke.

Hayo matatu ukiyakariri kama matatu, siku ya pepa litabaki moja. Yafunge kamba. Dawa hii hutolewa mwilini na figo. Mkojo ukipungua, dawa inajikusanya kwenye damu. Ikijikusanya hulegeza misuli, ndiyo maana goti huacha kuruka kwanza, na ikizidi hapo misuli ya kupumua nayo inalegea. Sasa ukikumbuka figo, goti na pumzi vinakuja vyenyewe, na unaona kwa nini kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuzima sumu yake, inatakiwa iwe karibu na kitanda kabla hujasukuma sindano ya kwanza. Wadini, bila shaka, utafuata mwongozo uliobandikwa pale.

Karatasi hiyo iandike tarehe juu, usiitupe. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi kubwa saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo rudi kesho yake, rudi tena siku ya 3, siku ya 7, na baada ya wiki 3. Kurudi si kusoma upya. Ni kujibu yale maswali ya penseli kitabu kikiwa kimefungwa, dakika 10 zinatosha, halafu kusahihisha. Kusahihisha usiruke kamwe. Jibu la makosa likirudiwa mara nne bila kusahihishwa linakaa kichwani vizuri tu kama lile la kweli.

Hailaita? Unaweza kuzirudisha, ila zipake tu yale uliyoyaandika kwa nyekundu. Ukurasa wote ukiwa wa njano, hakuna kilichopakwa.

Nipo Kibondo. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari Kiingereza cha kuungaunga, na sasa kila kitabu cha uuguzi ni Kiingereza. Ukurasa mmoja unanichukua saa nzima na kamusi mkononi. Nikifika chini nimesahau ulianzaje.

Kamusi ndiyo inayokula hiyo saa, kaka. Soma aya nzima bila kuigusa. Neno gumu liwekee nukta ya penseli, pita. Aya ikiisha, tafuta lile tu lililojirudia au lililo kwenye kichwa cha habari. Mengine mengi utagundua sentensi ilishayaeleza.

Halafu kuna siri ambayo haisemwi sana: maneno mengi ya tiba asili yake si Kiingereza. Ni vipande vya Kigiriki na Kilatini, na Mwingereza wa mwaka wa kwanza naye anavitolea jasho. Wewe una faida juu yake, kwa sababu lugha yako yenyewe ni ya kuunga vipande. Mtu anayeweza kulifungua neno "hatukumwandikia" bila kufikiri hawezi kushindwa na "hypoglycemia": "hypo" ni chini, "glyc" ni sukari, "emia" ni kwenye damu. Ukibadilisha mbele ukaweka "hyper", sukari imepanda. Ukibadilisha nyuma ukaweka "uria", tumehama kwenye damu tuko kwenye mkojo. "Tachy" ni haraka, "brady" ni polepole, "hepat" ni ini, "nephr" ni figo, "ectomy" ni kukata na kuondoa. Kusanya vipande 60 vya namna hiyo kwenye daftari dogo, jifunze vitano kwa siku, siku 12 umemaliza. Baada ya hapo ukurasa wa saa nzima hautakuwa wa saa nzima.

Angalizo: yapo maneno yanayotofautiana kwa herufi moja. "Ileum" ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. "Ilium" ni mfupa wa nyonga. Na "hypo" na "hyper" zikitamkwa haraka darasani husikika kama mapacha. Kila unapojifunza neno la aina hiyo liandike kwa mkono, usiishie kulitazama.

Jambo la mwisho kwako ndilo tunaloliona lina nguvu kuliko yote: elewa kwa lugha yako, jibu kwa lugha ya mtihani. Chukua upungufu wa damu. Mweleze bibi kwa Kiswahili, au kwa Kiha, kwa nini mgonjwa wake anahema akipanda kilima: chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa, zimekuwa chache, moyo unalazimika kukimbia ili zizunguke haraka, na mapafu nayo yanaongeza mwendo. Ukishindwa kumweleza bila kuingiza neno la kitabuni, bado hujaelewa, umekariri. Ukiweza, kaa chini uandike sentensi hizo hizo tatu kwa Kiingereza kifupi. Fupi! Wanaopoteza maksi wengi ni wale wanaochukua sentensi ndefu ya Kiswahili na kuihamisha neno kwa neno. Soma pia kitenzi cha swali kabla ya kujibu: likitaka utaje, taja, likitaka ueleze, weka sababu, maana orodha tupu hapo inapata nusu.

Dawa zimenishinda. Ni nyingi, majina yanafanana, na hesabu za dripu ndiyo kabisa. Nina sapu, mtihani wa marudio, ya famakolojia. Tabora mjini.

Usizisome dawa moja moja kama majina ya wanafunzi kwenye rejista. Soma ukoo. Angalia jina linaishiaje kwenye boksi: zinazoishia na "olol", kama atenolol na propranolol, hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo unahesabu mapigo kabla ya kumpa mgonjwa, yakiwa chini ya 60 unasitisha na kumjulisha aliyeandika dawa, na mwenye pumu unamwogopea. Zinazoishia na "pril", kama captopril na enalapril, hushusha presha, huweza kuleta kikohozi kikavu, na mjamzito hapewi. Jifunze dawa moja ya kila ukoo kwa undani. Ndugu zake jifunze tu wanapotofautiana naye.

Kwa dawa hiyo moja tengeneza kadi ya karatasi ya manila. Mbele jina tu. Nyuma majibu ya maswali matano: ni ya ukoo gani, inafanya nini mwilini, naangalia nini kabla ya kutoa, dalili gani inanitisha, namwambia nini mgonjwa. Furosemaidi, kwa mfano, husukuma maji na chumvi zitoke kwa njia ya figo, na potasiamu inatoka nayo. Basi unapima presha na uzito, unaangalia mkojo, unahofia misuli kulegea na mapigo kwenda mrama, hasa kama mgonjwa anatumia digoksini, dawa ya moyo, pia, kwa sababu potasiamu ikishuka digoksini hugeuka sumu kirahisi zaidi. Unaitoa asubuhi, ili mzee wa watu asishinde njia ya chooni usiku kucha.

Kadi ziweke kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitano, mtindo uliotangazwa na Mjerumani Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi mpya zinakaa chumba cha kwanza, unazipitia kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia chumba cha pili, kinachopitiwa kila siku ya tatu. Kisha cha tatu, mara moja kwa wiki. Cha nne, kila wiki mbili. Cha tano, kabla ya mtihani. Ukikosea, kadi inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa ya tano. Wanaofeli na boksi hili ni wale wanaoigeuza kadi kabla ya kutamka jibu, kisha wakajisemea "hii naijua".

Hesabu za dripu hazisomwi, zinafanywa. Tano kila siku, si ishirini Jumapili. Kanuni ni moja: mililita zidisha matone ambayo seti, yaani mpira wa dripu, hutoa kwa kila mililita 1, gawanya kwa dakika. Lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20: 1,000 mara 20 ni 20,000, saa 8 ni dakika 480, jibu ni 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Kosa linaloongoza ni kusahau kugeuza saa kuwa dakika. Ukigawanya kwa 8 unapata matone 2,500 kwa dakika, na hiyo si dripu tena, ni bomba la maji. Jizoeze kuliangalia jibu na kujiuliza kama linawezekana. Kwenye seti ndogo ya matone 60, matone kwa dakika ni sawasawa na mililita kwa saa, kwa sababu 60 za seti na 60 za dakika zinafutana. Mililita 50 kwa saa ni matone 50, huhitaji hata kalamu.

Ila namba kubwa si kosa kila mara. Mtoto wa miaka 2, kilo 12, ameishiwa maji kabisa kwa kuhara. Anahitaji mililita 100 kwa kila kilo, jumla 1,200: mililita 30 kwa kilo ndani ya dakika 30 za kwanza, yaani 360, na 70 kwa kilo ndani ya saa 2 na nusu, yaani 840. Kwa seti ya matone 20, nusu saa ya kwanza ni matone 240 kwa dakika. Hiyo ni karibu kuachia wazi, na ndivyo inavyotakiwa. Baada ya hapo ni 112. Mtoto wa chini ya mwaka 1 anapewa maji yaleyale taratibu zaidi, saa 1 na kisha saa 5, na mwenye utapiamlo mkali ana mpango wake tofauti. Hapo ndipo mtego wa swali hukaa: umri na hali ya lishe huandikwa kwa utulivu kwenye mstari wa kwanza.

Mwangaluka. Mimi ni mama wa watoto wawili, Nzega. Niko mafunzo kwa vitendo wadini, zamu za usiku zimo. Nikirudi ni kupika na kufua. Nisome saa ngapi?

Mama, ukitoka zamu ya usiku usifungue kitabu. Lala kwanza. Usingizi ndio unaopanga ulichokiona, na kurasa 10 zinazosomwa macho yakijifunga hazina thamani ya kurasa 2 baada ya kulala.

Kwako wadi ndiyo kitabu. Kila zamu chagua mgonjwa mmoja. Jiulize: ana nini, kwa nini anapewa dawa hii, nikipima hiki natafuta nini? Kadi sita mfukoni mwa sare zinatosha. Zipitie ukisubiri maji yachemke au ukiwa kwenye bodaboda. Nyumbani tafuta dakika 25 tu, kurasa 3, kwa mtindo tuliomweleza mwenzako wa Kasulu. Unaweza pia kujirekodi kwenye simu ukiuliza swali, ukae kimya sekunde 10, kisha ujibu. Sikiliza ukifua, na ujibu kwenye ule ukimya kabla ya sauti yako kukuwahi. Jina la mgonjwa lisiingie kwenye daftari wala kwenye simu, na faili lake usilipige picha. Andika "mwanamke, miaka 30 na kitu, mimba ya tatu" na inatosha kujifunza.

Diskasheni yetu ina watu 9, tunakaa chini ya mwembe pale chuoni saa tatu nzima. Matokeo hayaonekani. Tabora.

Tisa ni mkutano wa kijiji. Bakini 3 au 4. Kila mmoja aje ameshasoma, na maswali 3 aliyoyatunga. Vitabu vyote vifungwe, mmoja anaeleza kwa kuchora mchangani au kwenye ubao, wengine wanamkatiza kwa "kwa nini?" Kitabu kifunguliwe mkibishana tu. Mtu mmoja akisoma desa kwa sauti na wengine wakiitikia, huo ni usomaji wa risala. Saa moja na nusu inatosha, kisha kuleni maembe.

Dada yangu aliyemaliza zamani ameniachia vitabu vyake vya uuguzi. Vina faida bado, au nisumbuke kutafuta vipya? Ujiji.

Vina faida kubwa, ukijua sura zipi zinachacha. Mifupa, mzunguko wa damu, figo inavyochuja mkojo, usafi wa kinywa, kumgeuza mgonjwa kuzuia vidonda: hizo soma bila wasiwasi. Dozi, dawa ya chaguo la kwanza na mpangilio wa huduma ya dharura ndivyo vinavyozeeka. Malaria kali, ambayo huku kwetu Kigoma na Tabora utaiona sana, ni mfano mzuri. Vitabu vya zamani vitakupeleka kwenye kwinini ya mshipani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti ya sindano kwa watu wazima mwaka 2006 na kwa watoto mwaka 2011. Dozi yake sasa ni miligramu 2.4 kwa kila kilo, au 3 kwa mtoto wa chini ya kilo 20, saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa. Vilevile kumwamsha mtu aliyesimama moyo: kitabu cha kabla ya 2010 kitakuanzishia na njia ya hewa, cha baada yake kwa mtu mzima kinaanza na kukandamiza kifua, mara 30 kwa pumzi 2.

Fungua ukurasa wa mwanzoni uone mwaka wa toleo. Kisha pitia sura za dawa ukiwa na mwongozo wa matibabu wa taifa unaotumika sasa, na kila dozi iliyobadilika uikate kwa mstari mmoja wa penseli, uandike mpya juu yake pamoja na mwaka. Usiifute ile ya zamani. Wadini utakutana na mtu aliyesoma toleo hilohilo, na itakusaidia kujua anakosea wapi kabla hajavuta bomba la sindano.